Ubao mweupe na stikinoti kwa kusimamia miradi: miezi nane baadaye, haya ndo niliyoona

Nimesoma maoni mengi sana ya watu kuhusu apu za kusimamia miradi, ipi ina hiki ipi haina kile, na mi mwenyewe nimeshatumia tatu tofauti, ila leo nataka niongelee kitu ambacho hakiombi paswedi. Ubao mweupe wa ukutani, sentimita 120 kwa 180, stikinoti za rangi tatu, makapeni na tepu nyeusi ya fundi umeme. Basi. Timu yetu ni watu tisa, tunafunga mifumo ya kompyuta kwa wateja, yani kuna michoro, manunuzi, ufungaji, majaribio na kukabidhi, na muda wote tuna miradi mitatu hadi mitano inakwenda pamoja. Ubao una miezi nane sasa na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu umenibadilishia kabisa namna ninavyoelewa kwa nini kazi zinachelewa.

Nianze na tulikotoka. Tulikuwa na apu, jina sitalitaja maana tatizo halikuwa la apu peke yake. Kila mtu ana akaunti, kila taski ina mwenyewe na dedlaini, ukifungua unaona mistari ya rangi imepangika vizuri. Lakini ukimuuliza mtu hii imefika wapi anakwambia inaendelea, na kwenye apu nako imeandikwa inaendelea, wiki inayofuata inaendelea, mwezi unaisha bado inaendelea. Notifikesheni zikawa nyingi mpaka watu wakazizima. Mitingi ya Jumatatu inakula saa moja na nusu, mmoja baada ya mwingine anasoma listi yake wengine wameinamia simu, na tukitoka pale hakuna kilichosogea. Meneja akafikia kusema timu ni ndogo, tuongeze watu wawili. Pembeni watu wakaanza kunong'ona fulani ndo mzembe, fulani ndo anatuangusha. Hapo ndo paliniuma, maana haohao wanaosemwa nilikuwa nawaona wanatoka ofisini giza limeshaingia.

Sasa ubao wenyewe. Kama unataka kununua, jua kwanza kuna aina mbili kubwa utakazokutana nazo. Kuna wa melamini, huo ni wa bei ya chini na ndo uliojaa kila mahali, mwanzoni unafutika vizuri lakini ukiutumia kila siku unaanza kubaki na vivuli vya maandishi ya zamani, unafuta na bado unasoma ya mwezi uliopita. Na kuna wa chuma uliopakwa enameli, huo ni mzito, unataka skrubu za maana ukutani, ila haushiki madoa kirahisi na unakamata sumaku. Sisi tulianza na wa melamini tuliookota stoo, baada ya miezi miwili tukaomba wa enameli. Ningekuwa naanza upya leo ningeanza na wa stoo vilevile, maana hujui kama timu itaupokea, halafu ndo ubadilishe.

Stikinoti usibane matumizi. Hii nasema kutoka moyoni. Zile za asili zimetoka 3M, kampuni ya Marekani, mtafiti wao Spencer Silver ndo alipata ile gundi dhaifu mwaka 1968, mwenzake Art Fry akaja kuipatia kazi, na zikaingia sokoni Marekani mwaka 1980. Gundi yake ina vitone vidogo vidogo sana ndo maana inashika na inaachia bila kuacha alama, lakini vumbi likishaingia kwenye vile vitone imekwisha. Sisi tulinunua za rahisi zisizo na jina, wiki ya tatu tukaja asubuhi tukakuta karatasi kama kumi ziko sakafuni, feni ilibaki imewashwa usiku kucha. Mtu wa kwanza kufika akazirudisha kwa kukisia, kwa nia njema kabisa, na moja akaibandika kwenye safu ya Imeisha, yani ya kazi zilizokwisha, wakati ilikuwa bado majaribio. Mteja akapiga siku mbili baadaye kuuliza mbona mfumo hauwaki. Tangu siku hiyo kila kadi, yani kila stikinoti yenye kazi moja, ina namba pembeni, ubao unapigwa picha kila siku saa kumi na moja jioni, na tulipopata ubao wa enameli zile kadi za muhimu tukaanza kuzikandamiza na sumaku. Na ukichomoa karatasi kwenye kile kitita usiivute kutoka chini kwenda juu, inajikunja na kesho yake imeinua kichwa, ivute kwa pembeni itoke imenyooka. Kitu kidogo ila kinafanya kadi ikae wiki nzima.

Makapeni nayo, andika na yenye ncha nene. Kama maandishi hayasomeki ukiwa umesimama hatua tatu nyuma basi hiyo kadi haipo, na ncha nene inakulazimisha kuandika maneno machache, mfano "kufunga kabati la seva, ghorofa ya 2" badala ya aya nzima. Kuna siku mwenzetu alichukua maka ya kudumu akaandikia ubao moja kwa moja, wengine wakaanza kutafuta spiriti. Hakuna haja, unapitisha makapeni ya ubao juu ya yale maandishi halafu unafuta na dasta hapohapo kabla haijakauka, yanatoka yote mawili.

Mistari ya safu tumeweka kwa tepu, usichore, maana utabadilisha safu mara nyingi kuliko unavyofikiria. Sisi tulianza na tatu: Haijaanza, Tunafanya, Imeisha. Wiki ya kwanza ilipoisha safu ya Tunafanya ilikuwa na kadi 24. Watu tisa, kadi 24. Tukasimama pale tukaziangalia, na mwenzetu mmoja wa ufungaji, mtu wa maneno machache sana, akasema "sasa mbona hizi zangu nne hakuna hata moja ninayoifanya?" Tukamuuliza vipi, akaonyesha moja moja: hii nasubiri vifaa, hii nasubiri mchoro usainiwe, hii mteja hajatupa ufunguo wa chumba, hii nasubiri jibu la imeili. Basi kila mtu akaanza kuhesabu za kwake. Tulipomaliza, kadi zilizokuwa zinashikwa na mkono wa mtu siku ile zilikuwa saba tu. Zile 17 zote zilikuwa zimekaa zinasubiri kitu.

Mi nilikaa kimya kidogo pale. Miaka yote tunagombana nani mvivu, nani aongeze spidi, kumbe kazi yenyewe ikishikwa haichukui muda, muda unaliwa pale inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Na ile apu haikuwahi kutuonyesha kwa sababu sisi wenyewe tuliipa neno moja tu, inaendelea, kwa vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Tukaongeza safu ya nne tukaiita Inasubiri. Nikiambiwa nitaje kitu kimoja tu kwenye hii habari yote nitataja hiyo safu. Na tukaweka utaratibu kwamba kila asubuhi kadi ikiwa bado iko palepale Inasubiri inawekwa nukta moja nyekundu. Hakuna hesabu nyingine, ni nukta tu. Kadi ya siku mbili ina nukta mbili, ukiingia ofisini kwa mbali unaona ipi imekuwa nyekundu.

Kadi iliyotufundisha zaidi ilikuwa ya mchoro wa chumba cha seva. Kuuchora kulichukua kama saa mbili, nilimwona jamaa anauchora. Halafu ikaenda Inasubiri kusubiri saini ya mtu wa fedha na ikafika nukta 11. Tukaamua badala ya kumpigia simu za kumsukuma tufanye ile ya kuuliza kwa nini mara tano, ni utaratibu wa watu wa Toyota, unahusishwa na mzee wao Sakichi Toyoda. Kwa nini mchoro haujasainiwa, kwa sababu yule mtu wa fedha hajauona. Kwa nini hajauona, kwa sababu uko ndani ya faili moja na michoro mingine kama thelathini. Kwa nini imetumwa pamoja, kwa sababu fomu inataka michoro ikusanywe itumwe Ijumaa. Kwa nini Ijumaa, hapo hakuna aliyejua, ikabidi tumfuate mama mmoja wa masijala aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Akatuambia zamani saini zilikuwa za karatasi na aliyekuwa anasaini alikuwa anafika ofisi ile mara moja tu kwa wiki. Yule mtu alishaondoka. Anayesaini leo yupo kila siku, hatua ishirini kutoka kwenye meza zetu, na yeye mwenyewe alikuwa anachukia hilo faili la Ijumaa kwa sababu linamharibia wikiendi.

Tukaomba mchoro uende mmoja mmoja siku ileile unapomalizika. Hakuna barua, hakuna kamati, mazungumzo ya robo saa. Kadi za saini sasa mara nyingi zinaondoka na nukta moja, zikizidi sana mbili. Na wala hakuna mtu aliyeongezewa spidi pale, tulitoa tu kitu ambacho kilishapoteza sababu yake na kila mtu alikuwa anakitii kwa heshima.

Kitu cha pili ni kikomo. Juu ya safu ya Tunafanya kuna namba imeandikwa, na kadi haziruhusiwi kuzidi hiyo namba, kwa sasa ni 9. Na Inasubiri nayo ina kikomo chake, hii ndo watu wengi wanasahau, maana ukibana upande mmoja tu kazi zinakimbilia upande wa pili zinajificha huko. Hesabu yake ni rahisi na ni ya zamani, mtafiti wa Marekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa muda kazi moja inaokaa mikononi mwenu ni idadi ya kazi mlizofungua kugawanya kwa mnazomaliza kwa kipindi. Sisi tulikuwa tumefungua 24 na tunamaliza kama sita kwa wiki, kwahiyo kazi ya kawaida inakaa wiki nne. Ukifungua 12 na ukaendelea kumaliza sita zilezile, inakaa wiki mbili. Hujaongeza mtu, hujaongeza saa za kazi, umefungua chache tu.

Kwenye karatasi inaeleweka haraka, kwa watu ilitusumbua. Dada wa manunuzi aliuliza swali la haki kabisa, "nikimaliza yangu na ubao umejaa, nikae tu niangalie?" Jibu tulilokubaliana ni kwamba hapana, unaenda kwenye Inasubiri kuangalia kadi ipi unaweza kuikwamua, hata kama si yako. Mwanzo hakupenda. Wiki ya pili akaikwamua kadi ya ufungaji iliyokuwa imekwama nukta sita kwa sababu namba ya kifaa ilikosewa kwenye oda, yeye aliliona kosa kwa sekunde kumi kwa sababu ndo kazi yake kila siku, mtu wa ufungaji asingeliona hata angekesha. Baada ya hapo ndo akawa mtetezi mkubwa wa kikomo kuliko mimi.

Hili wazo la kadi na kikomo linaitwa kanban, na si la ofisi kiasili. Taiichi Ohno wa Toyota alilijenga viwandani miaka ya 1950, alivutiwa na supamaketi za Marekani jinsi rafu inavyojazwa pale tu mteja anapochukua, kwahiyo kila hatua inatengeneza kile hatua inayofuata inachohitaji na kadi ndo inatoa ruhusa. Kanban kwa Kijapani ni ubao wa tangazo. Watu wa programu za kompyuta wakaja kulichukua miaka ya 2000. Nalisema hili kwa sababu kuna ofisi nimeona wameweka kadi ukutani, rangi nzuri, lakini hakuna kikomo, kila mtu anaongeza tu, na baada ya muda ule ubao unakuwa pambo. Kadi bila kikomo ni listi ya kazi imetundikwa ukutani, tena inatisha zaidi kwa sababu ni kubwa.

Mitingi imebadilika na hili nalipenda sana. Tunasimama mbele ya ubao saa tatu kasorobo, dakika 15 haizidi, na hatuzungushi watu tena kuuliza jana ulifanya nini. Tunasoma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, tunaanza na kadi iliyo karibu kabisa na Imeisha tunauliza inakosa nini ivuke, ndo tunarudi nyuma. Ukianza kushoto mtaongelea kazi mpya maana ndo tamu, na zile zilizobaki hatua moja zitaoza. Mitingi ya Jumatatu ya saa moja na nusu tuliifuta mwezi wa pili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imeenda wapi.

Sasa niseme palipokuwa na hatari ya kuharibika kabisa. Zile nukta. Wiki kama ya nne meneja alikuja na mgeni, akasimama mbele ya ubao akaanza kuhesabu nukta kwa jina la mtu, huyu ana 14, huyu ana tatu. Hakuwa na ubaya, alikuwa anaonyesha tu ubao unavyofanya kazi. Kesho yake nukta zikapungua ghafla. Nikaona kadi inahamishwa kutoka Inasubiri kwenda Tunafanya asubuhi kabla ya mitingi na mchana inarudi, na kadi kubwa zikaanza kukatwa vipande vipande ili kila kipande kionekane kipya. Siwalaumu hata kidogo, mtu akijua kitu kinatumika kumpima atajilinda. Nikaomba kuongea na meneja faragha, nikamwambia bosi, ubao ukiwa wa kupima watu utatuambia uongo na tutarudi kulekule kwenye inaendelea. Alinisikiliza, na kwenye mitingi iliyofuata akasema mbele ya wote kwamba nukta ni za kadi, hazitahesabiwa kwa mtu na hazitaingia kwenye tathmini ya mwaka. Tukatoa majina kwenye kadi za Inasubiri, tukabakiza tu kinachosubiriwa. Nukta zikarudi. Nilifurahi kuziona.

Kwahiyo kama wewe ni kiongozi unasoma hapa na unataka ubao ili umjue nani hafanyi kazi, nakuomba usinunue. Utaumiza watu na hutapata ukweli wowote.

Mapungufu yapo na si madogo. Wawili kati yetu tisa wanafanya kazi mbali. Tulijaribu kuelekeza kamera kwenye ubao, picha inatoka na mng'aro wa taa hawasomi kitu. Tukaishia kuwapa kila mmoja mtu wa hapa wa kumhamishia kadi na kuwatumia ile picha ya jioni kwenye grupu, inafanya kazi lakini wanabaki wanaona ubao wa jana. Mmoja aliniambia anajisikia kama anasimuliwa, na ni kweli. Pia ubao hauna kumbukumbu, ukitaka kujua kazi za aina fulani huwa zinachukua siku ngapi inabidi ukusanye kadi zilizoisha uzihesabu kwa mkono, mi nazihifadhi kwenye bahasha na tarehe zimeandikwa nyuma. Ripoti ya mteja bado inatoka kwenye Eksel. Na mafaili hayabandikwi ukutani.

Timu ikiwa nusu iko mbali nisingeshauri ubao wa ukutani, chukueni apu ya kadi, zipo nyingi, Trello imekuwepo tangu 2011 na inafuata wazo hilohilo la listi na kadi. Ila hata huko wekeni safu ya Inasubiri, wekeni namba ya kikomo juu ya kila safu hata kama ni kwa kuiandika kwenye jina la safu, na fungueni mara moja kwa siku wote pamoja mkiongea. Usipofanya hivo kadi zitakaa kwenye simu za watu na hakuna atakayesikia aibu ya kadi yenye nukta kumi inayomwangalia akienda kuchukua maji.

Naupa nyota nne kati ya tano, ile moja ni ya wale wenzetu wawili walio mbali na sitaiongeza mpaka tupate njia ya kuwafanya waone tunachoona sisi kwa wakati uleule.

Wiki iliyopita tumegawa safu ya Inasubiri mara mbili kwa kipande cha tepu, juu ni tunaowasubiri, chini ni wanaotusubiri sisi. Lilikuwa wazo la intern, alikuja na swali tu kwamba hivi sisi hakuna anayetusubiri? Tulidhani ya juu ndo itajaa. Ijumaa jioni nilipopiga picha ya ubao juu kulikuwa na kadi nne, chini kulikuwa na saba, na mbili kati ya hizo ni za mteja yuleyule tuliyekuwa tunalalamika kwamba hajibu imeili. Jumatatu tunaanza na hizo.